Maswali ya wasomaji: Kadi za manunuzi za serikali, nani anaangalia zinalipia nini?

Toleo hili barua za mipaka ya mashamba na mirathi nimeziweka pembeni kidogo, samahanini mliosubiri, zitajibiwa toleo lijalo. Kuna jambo moja limeulizwa na watu wa Mtwara mjini, Masasi, Tandahimba, Nachingwea mpaka Kilwa, kila mtu kwa maneno yake lakini swali ni lile lile: mtumishi akipitisha kadi ya serikali kwenye mashine ya dukani, nani anajua kanunua nini? Majina ya walioandika nimeyaacha kwa makusudi, wengine ni watumishi na sitaki mtu apate shida kazini kwa sababu ya gazeti letu.

SWALI: Shikamoo mama. Nilisikia redioni kwamba Uingereza serikali imesimamisha kadi za watumishi maelfu kwa sababu matumizi yamezidi. Sikuelewa, kwani kule watumishi wanapewa kadi ya benki ya serikali wanunue wanachotaka? Au ndo mishahara yao? (Muuza vifaa vya ofisi, Mtwara mjini)

Marahaba mwanangu. Hapana, sio mshahara wala posho, ni kadi ya kununulia vitu vya ofisi. Waingereza walizianzisha mwaka 1997 na wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo, na wewe muuza duka utalielewa haraka kuliko wengine. Ofisi ya serikali ikitaka wino wa printa, ukifuata njia ndefu kuna dokezo la maombi, kuna idhini, kuna bei za wauzaji watatu, kuna LPO (hati ya kuagizia mali), hati ya kupokelea mzigo, ankara, vocha ya malipo, yaani karatasi na muda wa watu vinaweza kugharimu kuliko huo wino, na mwenye duka anakaa miezi anadai hela yake. Na nyie wenye maduka mkishajua serikali inachelewa kulipa mnapandisha bei mapema, siwalaumu, mna watoto wa kulisha, lakini anayelipa hiyo nyongeza ni mwananchi. Kadi inakata hapo: mtumishi aliyeteuliwa ananunua, muuzaji analipwa ndani ya siku chache, alafu benki inaidai idara mara moja kwa mwezi.

Sio kwamba mtu anaachiwa tu. Kadi inakuwa na jina la mtu, ina kiwango cha juu cha ununuzi mmoja na kiwango cha mwezi mzima, na aina fulani za maduka zinaweza kufungwa kabisa kadi isipite. Mwezi ukiisha mwenye kadi anapewa taarifa ya benki, analinganisha kila mstari na risiti yake, kisha mtu mwingine ambaye sio yeye anapitia na kusaini. Hapo kwenye mtu mwingine paweke alama, nitaparudia chini maana ndo penye mambo yote.

Sasa ukubwa wake. Mwaka wa fedha 2010/11 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikuta serikali kuu imetumia pauni milioni 322 kwa kadi hizi, manunuzi kama milioni 1.75. Gawanya mwenyewe utaona wastani ni kama pauni 184 kwa ununuzi mmoja, yaani ni vitu vidogo vidogo kweli. Na karibu robo tatu ya hela yote ilikuwa ya Wizara ya Ulinzi peke yake. Mtu akiona hivyo anaweza kuruka kusema wanajeshi wanakula, lakini jeshi lina kambi nyingi zilizotawanyika na kila kambi inanunua spea, rangi, vyakula, kwa hiyo namba kubwa peke yake haithibitishi chochote mpaka uone imenunua nini.

Ulichosikia redioni ni cha Machi 2025. Serikali ya kule ilisema kadi zilizopo ni kama 20,000 na matumizi yake yamepanda zaidi ya mara nne ndani ya miaka minne hadi kupita pauni milioni 600 kwa mwaka. Ikaagiza karibu zote zisimamishwe, kila anayeitaka ajieleze upya kwa nini anaihitaji, na lengo likiwa kupunguza angalau nusu. Kwa upande wa chakula na ukarimu wa wageni kiwango kikashushwa toka pauni 2,500 mpaka 500, ukitaka kuzidisha unatafuta saini ya mmoja wa wakubwa wa juu idarani.

Mimi naona tatizo lilikuwa kwamba njia iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo vya haraka imeanza kubebeshwa hata vitu ambavyo idara ingevipata kwa bei nafuu kupitia mikataba iliyopo tayari. Hilo halihitaji mwizi ndo litokee. Linahitaji tu watu wazoee urahisi na msimamizi achoke kuuliza.

SWALI: Mimi ni kijana nimemaliza chuo, niko Masasi, bando ninalo na muda ninao. Ni kweli matumizi ya hizo kadi kule yako wazi mtandaoni mtu yeyote anasoma? Na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kugundua nini, si ni siasa tu, wapinzani wanatafuta pa kumpigia waziri?

Ni kweli kabisa. Tangu 2011 wizara za Uingereza zinatakiwa kutoa hadharani manunuzi ya kadi yanayozidi pauni 500, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni moja ya kwetu. Unapata jedwali la kompyuta lenye tarehe, idara, jina la muuzaji, kiasi, na mara nyingine maelezo mafupi ya kilichonunuliwa. Chini ya hapo huoni kitu, na hilo ni pengo kubwa, maana ukikumbuka ule wastani wa pauni 184 utajua kwamba idadi kubwa ya manunuzi haifiki hata kwenye jedwali.

Kuhusu siasa, ndiyo, siasa ipo. Februari 2023 chama cha Labour kikiwa upinzani, kazi ikiongozwa na mbunge Emily Thornberry, kilikusanya majedwali ya wizara 14, kikaongezea maswali ya maandishi bungeni pale ambapo jedwali lilisema jina la muuzaji tu bila kusema kimenunuliwa nini, kikatoa hesabu kwamba matumizi ya wizara hizo 14 tu yamepanda kutoka pauni milioni 84.9 mwaka 2010/11 hadi milioni 145.5 mwaka 2021. Mfano uliozungumzwa sana ni picha 13 za sanaa zilizonunuliwa na Wizara ya Fedha kutoka jumba la sanaa la Tate kwa pauni 3,393. Haikuwa wizi, ilikuwa picha za kutundika ofisini, lakini wananchi walikuwa wanabanwa na gharama za maisha na wakataka kujua picha hizo zilikuwa na haraka gani.

Sasa angalia kilichofuata mwanangu, maana hapa ndo jibu la swali lako lilipo. Julai 2024 chama hicho hicho kikaingia madarakani, na hiyo amri ya Machi 2025 ya kusimamisha kadi imetangazwa na waziri wake mwenyewe, Pat McFadden. Walioyatumia majedwali kuwachapa wenzao wamekalia viti vile vile na majedwali bado yanatoka, na kesho wapinzani wa sasa watayafungua. Kwa hiyo nia ya anayesoma isikusumbue sana, muhimu ni kwamba kuna cha kusoma.

Ukitaka kujifunza kusoma orodha ya namna hii, usianze na mstari wenye hela nyingi, watu wengi wanakosea hapo, wanaona hoteli wanapiga kelele kumbe ilikuwa mafunzo ya watu mia. Panga kwa jina la muuzaji. Tafuta muuzaji mmoja anayerudi rudi, alafu tazama tarehe: malipo matatu siku moja kwa duka moja, kila moja limeishia kidogo tu chini ya kiwango, hapo simama. Tazama mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, kwao ni Machi, kwetu ni Juni, uone kama ofisi ilikuwa imelala mwaka mzima ikaamka wiki ya mwisho kununua viti, maana hela isiyotumika ina hatari ya kurudi. Tazama maelezo ya juu juu kama "vifaa" au "huduma" yasiyosema vifaa gani. Tazama malipo yaliyopita kwa kampuni ya kati ya malipo ya mtandaoni, hapo unaona jina la kampuni hiyo lakini muuzaji mwenyewe amefichika nyuma yake. Na tazama namba zenye alama ya kutoa, hizo ni hela zilizorudishwa, usije ukamtangaza mtu vibaya kwa kitu alichokirudisha dukani kesho yake.

Baada ya hapo una maswali, huna hatia ya mtu. Ukishayapata maswali unayapeleka kwa mwandishi, diwani, mbunge, mkaguzi. Vijana wengi wanaruka hatua hiyo wanaposti picha ya jedwali na neno WEZI, na mwisho wake hata jambo la kweli linakosa wa kulisikiliza.

SWALI: Naomba usitaje halmashauri yangu. Mimi ni mtumishi wa uhasibu mkoa wa Lindi. Sisi shughuli zetu ni masurufu (hela ya kazi anayokabidhiwa mtumishi kisha anairejeshea hesabu) na LPO, sio kadi, lakini kila nikisoma habari za kadi naona ni yale yale. Naambiwa ununuzi mmoja niukate vipande vitatu, duka lile lile, risiti za tarehe tofauti, ili usifike kiwango cha kushindanisha wazabuni. Nikikataa naambiwa najifanya mjuaji. Nifanyeje?

Pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili mbili, na niseme wazi kwamba uko sahihi na wanaokuambia hivyo wamekosea. Kukata ununuzi vipande ili kukwepa ushindani ni kosa kwenye sheria yetu ya manunuzi, na wakaguzi wetu wameliandika miaka nenda rudi. Kwenye nchi zenye kadi nako ni moja ya mbinu za kwanza kutafutwa na wakaguzi, maana kadi ina kiwango na binadamu akiwekewa kiwango cha kwanza anachojaribu ni kupita chini yake.

Nikupe mfano wa Marekani. Mwaka 2008 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilichukua sampuli ya manunuzi ya kadi za serikali ikauliza mambo mawili tu: je, ununuzi uliidhinishwa ipasavyo, na je, kuna mtu mwingine tofauti na mnunuzi aliyethibitisha kwamba mzigo umefika? Mambo mawili tu hayo, na asilimia 41 ya manunuzi yalianguka kwenye moja au yote mawili. Kulikuwa na mtumishi wa idara ya misitu aliyekuwa akiandika cheki za akaunti hiyo ya kadi kwa mwenzi aliyekuwa akiishi naye, zikafika zaidi ya dola 642,000 kwa muda wa miaka 6 hivi mpaka alipokamatwa akafungwa. Huwezi kuniambia kwamba miaka yote hiyo hakukuwa na karatasi. Karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuziangalia kwa macho yake.

Na wewe, mwanangu, kwenye hiyo halmashauri ndo mtu wa pili. Ndo maana wanakusumbua, saini yako ina thamani kwao.

Nimekaa dawati la vocha kwenye ofisi moja ya huku kusini kabla ya kuandika gazetini na nilichojifunza ni kwamba ugomvi wa mdomo humaliza watu, lakini maandishi yanawalinda. Usibishane kwenye korido. Dokezo likija kwako, andika maoni yako juu ya dokezo lenyewe kwa adabu, kwamba mahitaji haya matatu ni ya aina moja, yako kwenye mpango mmoja wa manunuzi wa mwaka, nashauri yaunganishwe na kupitishwa NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), kisha saini na tarehe. Mkubwa akitaka kuendelea aandike maelekezo yake chini ya maoni yako kwa mkono wake. Mara nyingi faili hurudi likiwa limebadilika, maana hakuna anayependa kuandika amri ya namna hiyo kwa mwandiko wake. NeST yenyewe imekuwa ikitumika tangu 2023 na imepata nguvu zaidi kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo, kwa hiyo huombi hisani, unataja utaratibu.

Usisaini kupokea mzigo ambao hujauona, hata kama gari la muuzaji liko njiani linapita Mingoyo, lisubiri lifike. Na masurufu ni hivyo hivyo, aliyechukua arejeshe na risiti za EFD (za mashine ya kodi) zinazosomeka pamoja na salio, na asipewe mengine kabla hajafuta ya kwanza.

Wakikataa yote hayo nenda kwa mkaguzi wa ndani, ndo kazi yake. Ukiona na huyo yumo, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba 113 ya bure, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Sikudanganyi kwamba sheria itakuondolea hofu yote, ofisi ndogo watu wanajuana, anayelima na bosi wako ni shemeji yako. Ndo maana nakwambia anza na maandishi, yanakulinda hata kama hujamripoti mtu, siku ukaguzi ukija hoja haitakuwa na jina lako.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Nachingwea. Kama kadi zinaleta yote haya si wazifute tu, watu warudi kwenye fedha taslimu na vocha kama zamani? Kwa nini wanajitesa?

Mwalimu, shikamoo. Hilo limejaribiwa, angalau kwa muda. Tarehe 26 Februari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kadi za watumishi wa serikali kuu kwa siku 30, isipokuwa za maafa na huduma muhimu, na kadi nyingi zikawekewa kiwango cha dola 1. Matokeo yake watafiti wa maabara za serikali wakashindwa kuagiza vifaa vya kazi zao, na watumishi wa hifadhi wakakwama kununua vitu vya kawaida kabisa. Hela haikuwa imekosekana, njia ya kuilipa ndo ilifungwa kwa wote, mwaminifu na asiye mwaminifu.

Na fedha taslimu mwalimu wangu ndo mbaya zaidi. Noti haisemi ilikwenda dukani saa ngapi wala kwa nani. Kadi inasema jina la duka, siku na kiasi, na mwenye kadi hawezi kuingia benki kuvifuta. Sisi wenyewe tunalijua hili kwenye upande wa makusanyo, halmashauri zilipoanza kutumia mashine za POS kukusanya ushuru kila mtu akashusha pumzi, kisha CAG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali) akawa anakuta mwaka hadi mwaka fedha zimekusanywa kwa mashine na hazikupelekwa benki. Kwa hiyo mashine haikuzuia wizi, lakini ilituonyesha kiasi gani, na mkusanyaji yupi, na tarehe gani. Zamani za stakabadhi za kuandika kwa mkono tungekuwa tunabishana tu.

SWALI: Kiongozi akikutwa katumia kadi ya ofisi kwa mambo yake binafsi kisha akarudisha hela yote, si yameisha? (Kilwa Masoko)

Kwa maoni yangu hayajaisha, ila tupime na ukubwa wake. Sweden mwaka 1995 naibu waziri mkuu Mona Sahlin, ambaye alikuwa anatarajiwa kuongoza chama na nchi, gazeti lilifichua kwamba alitumia kadi ya serikali kwa vitu vyake, nguo, nepi, kukodi gari, hata chokoleti za Toblerone, na mpaka leo sakata hilo Waswidi wanaliita kwa jina la chokoleti hiyo. Alilipa, akasema alichukulia kama mkopo kwenye mshahara wake. Mwendesha mashtaka alifunga uchunguzi mwaka 1996 bila kumshtaki, lakini uongozi wa chama aliukosa na unaibu akauacha. Ilimchukua mpaka 2007 kupata uenyekiti wa chama.

Brazil mwaka 2008 ikawa hivyo hivyo, na kule kilichowaumbua ni tovuti ya serikali yao wenyewe inayoonyesha matumizi ya kadi za mawaziri. Waziri wa usawa wa rangi Matilde Ribeiro akajiuzulu, kwenye orodha yake kulikuwa na ununuzi wa duka la uwanja wa ndege. Mwenzake wa michezo alionekana kalipia kwa kadi chapati ya unga wa muhogo ya reali 8.30. Chapati ya muhogo! Watu walicheka, lakini mimi sikuona cha kucheka, kama tovuti inaweza kuonyesha chapati basi inaweza kuonyesha kila kitu, na hicho ndo ninachokitamani kwa nchi yangu.

Anayerudisha baada ya gazeti kuandika amerudisha kwa sababu ya gazeti. Wengine hawajaandikwa.

SWALI: Sisi wakulima wa korosho huku Tandahimba hayo ya kadi hayatuhusu. Tuna kijiji, tuna AMCOS (chama chetu cha ushirika), tuna halmashauri. Tunaonaje hela yetu inavyotumika? Mimi nikiuliza naambiwa mafaili yako wilayani, nikienda wilayani naambiwa yako kijijini.

Yanakuhusu baba, ndo maana barua yako nimeiweka ya mwisho niijibu kwa nafasi.

Kijijini, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982 mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndo mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Sio hisani ya mwenyekiti. Tatizo ni kwamba mara nyingi inasomwa jumla, "ukarabati wa zahanati milioni mbili na laki nne", watu wanapiga makofi wanaondoka. Uliza mstari kwa mstari kama wale wenye majedwali wanavyofanya: mifuko mingapi ya saruji, duka gani, nani alipokea, risiti iko wapi. Jumla inaweza kuficha chochote. Na muulize mbele ya watu, sio pembeni kwa mtendaji, na mkishajibiwa hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari.

AMCOS ni nyingine, hiyo sio serikali, ni mali yenu nyie wanachama, na huku kusini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 inapitisha hela nyingi kuliko kijiji. Hesabu zake hukaguliwa na COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) na zinatakiwa kuletwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, na makisio ya matumizi ya mwaka mnayapitisha nyie. Sasa niambie kwa kweli, msimu uliopita nani aliuliza gharama za safari za bodi kabla ya kunyoosha mkono kupitisha makisio? Linganisheni makisio mliyopitisha na kilichotumika, fungu kwa fungu. Fungu lililozidi liulizwe limezidishwa kwa kikao gani.

Halmashauri, tumia ripoti za CAG. Anazikabidhi kwa Rais mwisho wa Machi, kisha zinawekwa mezani bungeni, baada ya hapo zipo kwenye tovuti ya ofisi yake na kuna za Kiswahili. Ya serikali za mitaa iko peke yake. Ni ndefu, usiogope, mpe kijana mwenye simu atafute neno Tandahimba ndani yake, mtasoma kurasa zinazowahusu tu. Mkikuta hoja, mshikeni diwani wenu awaambie Kamati ya Fedha imejibu nini, na wabunge nao wana kamati yao ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, inayowaita wakurugenzi kuhojiwa.

Na hilo la kuzungushwa wilayani kijijini, dawa yake ni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa zilizo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ikujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Zipo taarifa zinazozuiwa, za usalama wa taifa na nyingine kama hizo, lakini matumizi ya choo cha zahanati sio siri ya taifa. Wakikataa unaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo. Usiandike "naomba mafaili", hapo watakuzungusha mpaka msimu ujao. Andika kitu kimoja kinachojulikana, kwa mfano: naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ya Julai mpaka Septemba, pamoja na vocha na risiti za malipo ya ujenzi wa choo cha zahanati. Weka jina lako, kijiji, namba ya simu, saini. Toa nakala mbili, moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, maana hizo siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.